Barua ya wazi: Hesabuni vipindi, msihesabu vishikwambi

Kwa: Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI, Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), wakurugenzi wa halmashauri na wakuu wa vyuo vya ualimu.

YAH: TEKNOLOJIA DARASANI KWA WALIMU TUNAOELEKEA KAZINI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika ni wanachuo wa mwaka wa mwisho wa stashahada ya ualimu. Muda si mrefu tutakabidhiwa darasa, shajara ya somo na boksi la chaki. Hatuandiki kuomba vishikwambi zaidi. Tunaomba kipimo kibadilike. Shule ikiulizwa habari za TEHAMA, mara nyingi huulizwa ina kompyuta ngapi, projekta ngapi, imeunganishwa na intaneti au la. Swali linalokosekana ni hili: wiki iliyopita vilifundishwa vipindi vingapi kwa vifaa hivyo, na wanafunzi walifanya navyo nini? Kwenye leja, kifaa kilichofungiwa kabatini na kifaa kinachofundishia vyote ni mstari mmoja mmoja.

Mfano unaofahamika na wengi ni vishikwambi vya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Kazi ya kuhesabu watu ilipokwisha, serikali iliamua vigawiwe walimu, na uamuzi ulikuwa mzuri kuliko kuviacha vioze stoo. Ila vilikuja kama vifaa vya mtu mmoja. Mwalimu ana kioo cha inchi chache, mbele yake wamekaa watoto 80. Anaweza kuandaa somo, kusoma kitabu, kujaza taarifa. Hilo lina faida yake. Lakini tusiliite teknolojia darasani, maana darasa halijakigusa.

Tuanze na dakika 40 za kipindi, kwa kuwa ndani yake ndimo kazi yetu yote inamofanyika. Chukueni darasa la wanafunzi 80 lenye vishikwambi 40, wawili wawili kwa kimoja. Mwalimu akigawa peke yake kwa kufuata namba, kila kifaa kinakula sekunde 10 hivi, yaani karibu dakika 7. Vilivyozimwa kabisa vinahitaji dakika nzima kuwaka. Kuingia kwenye programu na kufika ukurasa unaotakiwa, kwa watoto ambao wengine hawajawahi kushika simu ya kupangusa, ni dakika 6 kukiwa na bahati. Kuvikusanya na kuvihesabu ni dakika 7 nyingine, na hapo hakuna wa kuharakisha kwa sababu kikipungua kimoja, mwalimu ndiye atakayeandika maelezo. Zinabaki dakika 19, na bado hamjasalimiana.

Badilisheni mpangilio na hesabu inabadilika. Darasa lilelile, vishikwambi 16, kimoja kwa watoto watano. Kiongozi wa kila kundi anachukua chenye namba ya kundi lake kabla kipindi hakijaanza. Vifaa havikuzimwa, vimezimwa kioo tu, na ukurasa wa kuanzia umeshafunguliwa tangu asubuhi. Kugawa kunashuka hadi dakika 2, kukusanya dakika 3. Vipindi vikipangwa viwili mfululizo, gharama hiyo inalipwa mara moja kwa dakika 80. Kwa maneno mengine, mwalimu wa taaluma anayepanga ratiba ana nguvu juu ya teknolojia kuliko ofisa manunuzi, na bado semina za TEHAMA zikija barua huandikwa kwa mwalimu wa kompyuta.

Watano kwa kioo kimoja si wengi mno, mradi kila mmoja ana kazi. Mmoja anabonyeza, mmoja anasoma maelekezo kwa sauti, mmoja anaandika majibu daftarini, wawili wanakisia kitakachotokea kabla hakijatokea, na kila dakika 5 wanabadilishana. Pasipo majukumu hayo, kishikwambi kinashikwa na yule anayejua tayari na wenzake wanatazama kisogo chake.

Sasa vifaa vyenyewe. Vinavyoviua vinajulikana, na vingi vinazuilika bila hela. Betri ya lithiamu ikiachwa na chaji sifuri kwa miezi kadhaa, volti zake hushuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa na saketi ya ulinzi, na siku ikichomekwa inakataa chaji. Ikiachwa imejaa asilimia 100 ndani ya kabati la chuma, kwenye chumba chenye bati lisilo na dari, huvimba mpaka ikasukuma kioo. Kanuni ya likizo basi ni asilimia 50 hadi 60, kifaa kizimwe kabisa, kiwekwe penye kivuli na hewa, na kikaguliwe mara moja kwa mwezi. Karatasi moja iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati inatosha.

Tundu la chaji hufa mapema kuliko kioo. Mtoto anavuta kebo kwa pembeni, pini zinalegea, kifaa kinachaji kikishikiliwa kwa mkono tu. Fundi simu wa mjini hubadilisha tundu hilo akiwa na kipuri, lakini shule haina fungu la kumlipa, na mkuu wa shule anaogopa kumpa fundi wa mtaani mali ya serikali bila maandishi. Kifaa kinarudi kabatini kusubiri utaratibu ambao haujaandikwa popote. Tunaomba uandikwe: kiasi ambacho mkuu wa shule anaweza kutumia kwa matengenezo bila kuomba kibali, aina za kazi anazoweza kumpa fundi wa nje, na fomu ya ukurasa mmoja ya kumkabidhi kifaa na kukipokea.

Kuna na hili la akaunti. Mwalimu amehamishwa, kishikwambi kimerudi na mchoro wa kufungulia haujulikani. Mtu anakifuta kwa kubonyeza vitufe vya pembeni. Kikiwaka kinadai akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzo. Huo ni ulinzi dhidi ya wizi na unafanya kazi yake sawasawa. Bahati mbaya haumtofautishi mwizi na mwalimu wa zamu. Mpaka yule mwalimu apatikane huko alikohamia na akumbuke neno la siri, shule inamiliki kigae. Dawa yake ni hatua moja siku ya makabidhiano: akaunti iondolewe kwanza kwenye mipangilio, ndipo kifaa kifutwe, na anayepokea akiwashe mbele ya anayekabidhi. Bora zaidi, akaunti iwe ya shule tangu mwanzo, si ya mtu.

Umeme nao unahesabika, na hesabu inaonyesha kwamba wakati mwingine tunaulaumu bure. Betri ya mAh 5,000 hubeba nishati ya takribani Wh (wati-saa) 19. Ukiongeza kinachopotea njiani, weka Wh 25. Vishikwambi 40 vitakula Wh 1,000, yaani uniti moja ya LUKU. Kompyuta za mezani ni habari nyingine. Kompyuta 20, kila moja na kioo chake ikila W 100, ni W 2,000, uniti 2 kwa kila saa. Soketi ya A 13 kwa volti 230 inabeba W 3,000 hivi, lakini ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba usiofika hapo, na waya huo unapata moto wakati fyuzi ya plagi bado iko salama. Chumba cha kompyuta kinahitaji laini zake mbili au tatu kutoka kwenye breka, pamoja na waya wa ardhi uliopimwa na fundi mwenye leseni. Anayepokea chumba kipya asitie saini kabla ya kuwasha mashine zote kwa pamoja na kuziacha saa nzima huku akigusa plagi kwa mkono. Ikiwa moto, asitie.

Shule isiyofikiwa na gridi, paneli ya W 300 ikipata jua zuri la saa 5 inatoa Wh 1,500 kwenye karatasi, na ukitoa theluthi moja ya vumbi, joto na upotevu, unabaki na Wh 1,000. Zinatosha vishikwambi vilevile 40 kila siku. Kosa linalorudiwa ni kuchaji usiku. Umeme unaingia betri kubwa, unatoka kwenda inveta, unageuzwa kuwa volti 230, kisha chaja ndogo inaugeuza tena kuwa volti 5, na kila hatua inakata fungu lake. Chajini saa 5 hadi saa 9 mchana, jua likiwa na nguvu. Na betri ya asidi ya V 12, Ah 100, msiihesabu kwa Wh 1,200 zilizoandikwa ubavuni. Ukiitumia zaidi ya nusu kila siku, haitamaliza miaka mliyoipangia.

Kuhusu runinga na projekta, tunaomba wanunuzi wabebe futikamba. Ili mtu asome maandishi vizuri, asikae mbali zaidi ya mara 6 ya kimo cha picha. Runinga ya inchi 43 ina kimo cha sentimita 53, hivyo inasomeka hadi mita 3 na kidogo. Ya inchi 55 inafika mita 4. Kutoka ubaoni hadi ukuta wa nyuma wa darasa kuna mita 8 au zaidi. Nusu ya darasa inatazama rangi zinazotembea. Kwa mita 8 panahitajika picha yenye kimo cha mita 1.3, na hiyo ni kazi ya projekta, ambayo nayo inashindana na madirisha yasiyo na pazia saa 4 asubuhi. Projekta ya taa ina shida nyingine: umeme ukikatika ghafla, feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na taa inazeeka kwa kila tukio la namna hiyo. Chujio lake la vumbi lisafishwe kila mwezi, na kiangazi hata kila baada ya wiki mbili. Kama runinga ndiyo iliyopo, isitumike kama ubao wa maandishi. Itumike kwa picha, mchoro na mwendo, herufi zisizidi mistari 6 kwa ukurasa, na wanafunzi waje mbele kwa zamu. Kuhusu sauti, spika ya runinga haina ubavu mbele ya mvua ya masika juu ya bati tupu. Video ya kufundishia Machi hadi Mei iwe na maandishi chini, la sivyo iahirishwe.

Haya yote ni mabomba na nyaya. Somo lenyewe linakuwaje? Tuchukue mada ya umeme katika Fizikia. Kuna programu za majaribio ya kuigiza, kama zile za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambazo zinapakuliwa mara moja na kufanya kazi bila intaneti, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anaunganisha betri, waya na globu kwenye kioo, anaona mkondo ukitembea, anaongeza volti na kusoma ampea. Inavutia, na ndiyo maana ni rahisi kuitumia vibaya.

Mpangilio unaofaa unaanza na vitu halisi. Kila kundi lipewe betri mbili za tochi, globu ndogo ya V 2.5, vipande vitatu vya waya na mita moja ya kupimia mkondo. Wawashe globu, wapime mkondo kwa betri moja, kisha kwa mbili, waandike. Dakika 20. Baada ya hapo ndipo programu ije kuonyesha kile ambacho macho hayawezi kukiona ndani ya waya, na wajaribu yale ambayo kwa vitu halisi yangeunguza globu. Mwisho walinganishe majibu. Na hapo ndipo mwalimu asiyejiandaa anakwama, maana majibu hayatalingana. Kwenye programu, ukiongeza volti mara mbili, mkondo unaongezeka mara mbili kamili. Kwa globu halisi mkondo unaongezeka pungufu ya hapo, kwa sababu uzi wake ukipata joto ukinzani unapanda. Betri ya kwenye kioo haichoki. Ya dukani inashuka volti kadiri inavyotumika, na waya uliokunjwa vibaya una ukinzani wake. Mwalimu asiyejua haya atawaambia wanafunzi kwamba wamepima vibaya. Anayejua amepata somo zuri kuliko lililoandikwa kwenye andalio. Tofauti kati ya walimu hao wawili haitoki kwenye kifaa, na hakuna zabuni inayoweza kuinunua.

Dunia ina ushahidi wake pia. Peru iligawa zaidi ya kompyuta mpakato laki nane kwa watoto wa shule. Tathmini ya Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika iliyotoka mwaka 2012, katika shule za msingi za vijijini, haikuona watoto wakiwa bora zaidi katika hisabati wala lugha. Jirani zetu Kenya walipoanza mpango wao mwaka 2016 walau walipeleka vishikwambi vya wanafunzi, vya walimu, seva ya maudhui na ruta kama mzigo mmoja. Maudhui yakija baadaye, kifaa kinageuka kuwa cha kupigia picha.

Na maudhui tunayo. Maktaba Mtandao ya TET ni hatua kubwa, na tunawapongeza. Ombi letu kwa TET ni la kiufundi. Vitabu vikatwe sura kwa sura, ili mwalimu apakue sura anayofundisha badala ya faili zima. Maandishi yawe maandishi, si picha za kurasa, ili yaweze kukuzwa bila kufifia na kusomwa kwa sauti na programu za wasioona. Na kuwe na kifurushi cha kila somo kinachoruhusiwa kunakiliwa kwa memori kadi, kutoka shule hadi shule, bila intaneti. Video ya dakika 10 yenye ubora wa kawaida ni takribani MB 75. Vishikwambi 40 vikiivuta kila kimoja peke yake kutoka mtandaoni ni GB 3 kwa kipindi kimoja. Ikipakuliwa mara moja ikawekwa kwenye kompyuta ndogo ya shule inayorusha mawimbi yake yenyewe, ni MB 75 basi. Kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi yenye programu ya Kolibri inafanya kazi hiyo kwa W 5 hivi. Tahadhari mbili: memori kadi yake huharibika umeme ukikatika wakati inaandika, kwa hiyo ilishwe kupitia benki ya umeme (pawabenki), na nakala ya pili ya kadi iwepo kwenye droo ya mkuu wa shule. Pia matoleo yake mengi hayana saa yenye betri, hivyo bila intaneti kumbukumbu za matumizi zitakuwa na tarehe za uongo. Mkaguzi asishangae.

Mambo madogo yana nafasi kubwa kuliko yanavyopewa. Simu moja ya mwalimu inaweza kumrekodi mtoto wa Darasa la Pili akisoma kwa dakika moja, kisha akasikilizishwa mwenyewe. Watoto husikia silabi waliyoiruka ambayo mwalimu angewaambia mara kumi. Kadi za karatasi zenye alama za mraba, za programu kama Plickers, zinamwezesha mwalimu kupata majibu ya darasa zima kwa kupitisha kamera ya simu yake mara moja. Kila mtoto anazungusha kadi yake kuonyesha A, B, C au D, na jirani hawezi kunakili kwa sababu kila kadi ina alama yake. Kadi zinaishia namba 63, kwa hiyo darasa la 90 lifanye wawili wawili. Na zisipakwe nailoni inayong'aa, maana zinarudisha mwanga wa dirishani na kamera inaziona nyeupe.

Kama vifaa ni vichache kweli, wa kwanza kupewa wawe wanafunzi wenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino. Kwao kishikwambi si pambo. Wanapiga picha ubao, wanakuza herufi hadi kiasi wanachotaka, wanageuza rangi kuwa maandishi meupe kwenye weusi, na wanaacha kutegemea jirani awasomee. Hakuna matumizi mengine yenye matokeo ya haraka hivyo kwa gharama ya kifaa kimoja. Lakini mwalimu lazima ajue menyu ya ufikivu (mipangilio ya kuwasaidia wenye ulemavu) iko wapi na afanye mpangilio huo na mtoto kwa nusu saa, na sisi chuoni menyu hiyo hatukuonyeshwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenu, wakuu wa vyuo na wizara. Somo la TEHAMA chuoni linatufundisha sehemu za kompyuta, kuandika barua, kutengeneza jedwali. Tunashukuru. Tunapokwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, mkufunzi anayekuja kutukagua anaangalia zana, na chati ya manila yenye rangi tatu inapata alama zilezile na somo la globu tulilolieleza hapo juu, wakati mwingine zaidi, kwa sababu chati haizimiki. Basi mwanachuo mwenye akili atachora chati. Tunaomba fomu ya tathmini ya BTP iseme wazi: kati ya masomo yanayokaguliwa, moja lifundishwe kwa kifaa cha kielektroniki kilichopo shuleni hapo, hata kama ni simu moja, mkaguzi aandike wanafunzi walifanya nini nacho, si mwalimu alionyesha nini, na andalio liwe na mstari wa kueleza somo litaendeleaje umeme ukikatika dakika ya 12. Kukosekana kwa mstari huo wa mwisho kunafanya walimu wengi wasithubutu kujaribu kabisa.

Wakufunzi wetu nao wanahitaji muda, siyo semina ya siku mbili yenye cheti. Mfumo wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) na jumuiya za ujifunzaji shuleni tayari upo. Kila jumuiya ingefundisha pamoja somo moja kwa muhula kwa kutumia kifaa, wengine wakiwa wamekaa nyuma na saa mkononi wakiandika dakika zimeishia wapi. Tunajua walimu walioko kazini wakisikia neno "mfumo" wanawaza PReM, SIS na PEPMIS, mifumo ya kujaza taarifa za wanafunzi, za shule na za utendaji kazi, kabla ya kuwaza somo. Si kosa lao. Huko ndiko simu zao na bando zao zinakoishia.

Kuhusu akili unde (AI), tusijifanye haipo. Wanachuo wanaandikia maandalio ya masomo kwa programu hizo, na walimu walioajiriwa wanatungia mitihani. Hasara yake inaonekana upesi kwa anayejua. Programu inataja umahiri usiokuwemo kwenye muhtasari wetu ulioanza kutumika mwaka 2024, inachanganya mada za vidato, inapendekeza jaribio linalohitaji maabara yenye gesi, na kwenye maswali ya kuchagua huweka majibu mawili sahihi. Kuipiga marufuku hakutasaidia. Tufundishwe kazi ya kuhakiki: kuweka muhtasari rasmi mbele, kukagua kila umahiri, kulifanya kila swali kwa kalamu kabla ya kulipeleka darasani. Ni zoezi la saa 2 chuoni, na linaweza kuanza muhula ujao bila kununua kitu.

Jambo la mwisho la tahadhari ni taarifa za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini matokeo ya wanafunzi yenye majina kamili na picha zao bado vinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Toeni mwongozo wa ukurasa mmoja unaosema nini kisitumwe, rekodi za sauti za watoto zifutwe lini, na nani anashika neno la siri la akaunti ya shule.

Tulichokiomba kuhusu kipimo kinaweza kuanza na shajara ya somo, ambayo tayari inajazwa kila kipindi na kutiwa saini. Iongezwe safu moja: kifaa kilichotumika, wanafunzi wangapi walikigusa, dakika ngapi, na kilichokwamisha. Mwisho wa mwezi mwalimu wa taaluma anajumlisha na kumpelekea afisa elimu kata karatasi moja. Ndani ya muhula mmoja mtajua kama shule fulani inahitaji vishikwambi, au inahitaji tundu la chaji, pazia la dirisha na vipindi viwili vilivyofuatana. Mkituruhusu, tutaijaza safu hiyo sisi wenyewe katika BTP ijayo, katika kila shule tutakayopangiwa, na karatasi zitakuwa mezani kwenu kabla ya ratiba za mwaka unaofuata kutoka.

Wenu,
Wanachuo wa mwaka wa mwisho, Stashahada ya Ualimu